Kukuza msamiati wa Kiingereza cha juu

Usimeze kamusi ukurasa kwa ukurasa; neno lisilo na muktadha halikai kichwani. Anza na orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoitoa mtaalamu wa lugha Averil Coxhead mwaka 2000: familia 570 za maneno (yaani neno pamoja na maumbo yake, kama “analyse” na “analysis”) yanayojirudia sana katika maandishi ya vyuoni. Chukua matano kwa siku, yasizidi.

Kila neno liandikie kadi. Upande wa mbele weka sentensi uliyokutana nayo ukisoma, neno lenyewe uliachie pengo. Nyuma andika neno, maana yake kwa Kiingereza chepesi, na maneno linayoandamana nayo. Hapa pa mwisho ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu tunatafsiri kutoka Kiswahili: mvua kubwa inakuwa “big rain”, ilhali Kiingereza husema “heavy rain”. Vivyo hivyo “mitigate”, yaani kupunguza makali: ni “mitigate the risk”, bila “against”. Hiyo “against” ni ya “militate”, neno jingine kabisa.

Rudia kadi baada ya siku 1, 3, 7 na 21. Tamka jibu kabla ya kuigeuza. Ukichungulia mapema, utalitambua neno ukiliona, ila litakukimbia ukitaka kuandika.