Diani ikijaa watu, teremka Tiwi

Krismasi na Pasaka, ufuo wa Diani, kusini mwa Mombasa, hapatoshi: ngamia, wachuuzi wa vinyago, boti zenye sakafu ya kioo. Wanaotafuta utulivu nawaambia washuke kabla ya kufika Ukunda. Panda matatu ya Likoni–Ukunda, mwambie kondakta akushushe njia panda ya Tiwi, kisha chukua bodaboda hadi baharini. Ni barabara ya vumbi, na kwa mguu ni mbali, tena peke yako sikushauri.

Cha muhimu zaidi ni maji. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata hupwa kama dakika 50 baadaye. Hapo ndipo miamba ya Tiwi hufunguka na unaweza kuliona lile dimbwi lenye umbo la bara la Afrika, maji yake maangavu mpaka unahesabu samaki. Vaa viatu vya mpira kwa sababu ya wale viumbe wa miba mirefu myeusi, na ondoka pale mara tu maji yanapoanza kurudi. Mlango wa mto Mwachema, karibu na msikiti wa Kongo, usiuvuke kabla ya kumuuliza mvuvi.

Ukipenda kusini, pita Galu hadi Kinondo, au endelea mpaka Msambweni. Beba maji ya kunywa, maduka huko ni machache.