Kagua umbo la mbwa kabla ya kumpa kazi

Msimamishe mbwa mahali tambarare, kisha anza na bega. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito, na bega limeshikwa na misuli tu, bila kiungo cha mfupa kwenye kiwiliwili. Papasa mfupa wa bega kutoka juu hadi ncha ya mbele: mfupa ukilala kuelekea nyuma, hatua huwa ndefu, mfupa ukisimama wima, hatua hukatika na kishindo huishia kwenye viwiko. Mazoezi hayaondoi kasoro hii.

Mkimbize mchakamchaka ukimtazama kwa nyuma. Visigino, yaani viungo vya miguu ya nyuma vilivyo juu ya nyayo, vikielekeana, msukumo hupotelea pembeni. Vidole viwe vimebana. Vilivyotawanyika huumia upesi kwenye mawe. Mbwa wa aina kubwa asiyefikisha mwaka usimhukumu bado, mifupa yake inakua.