Jinsi ya kusimamia masharti ya kibali cha dampo la manispaa: mwongozo kwa mkaguzi

Kiwanda kikikiuka kibali, unaweza kufunga lango na uzalishaji ukasimama. Dampo la manispaa haliko hivyo. Mmiliki wake mara nyingi ni halmashauri yenyewe, na ukilifunga leo, taka za kesho asubuhi zitamwagwa mtoni au kando ya barabara. Ndiyo maana wakaguzi wengi huishia kuandika barua kali ambayo hakuna anayeitekeleza. Kinachofanya kazi ni kulishika kila sharti la kibali peke yake, kwa kipimo chake, ushahidi wake na tarehe yake.

Hatua ya 1: Soma kibali mpaka viambatisho

Kabla hujavaa buti, soma kibali chote pamoja na ramani ya mipaka, mpango wa uendeshaji na tathmini ya athari kwa mazingira. Namba nyingi zimejificha kwenye viambatisho. Chora jedwali la safu tatu: sharti linasema nini, kipimo chake ni kipi, utalithibitisha vipi. Sharti la "kufunika taka mara kwa mara" halipimiki. Sharti la "kufunika kila siku kwa udongo usiopungua sentimita 15" unalipima kwa koleo na rula. Masharti yasiyopimika yaandikie mamlaka ya vibali yarekebishwe kibali kitakapohuishwa, maana mahakamani wakili wa upande wa pili atayachana bila shida.

Kama dampo halina kibali kabisa, kosa ni kuendesha bila kibali. Usiorodheshe ukiukaji wa masharti ambayo hayapo. Toa amri ya kuomba kibali, na ndani yake weka masharti ya mpito.

Hatua ya 2: Anza na mizani

Omba daftari la mizani ya magari na ankara za ada ya kumwaga taka, kisha uzilinganishe siku kwa siku. Ankara zikionyesha malori mengi kuliko daftari, dampo linapokea zaidi ya kinachoripotiwa. Tazama hasa siku zilizoandikwa kwamba mizani ilikuwa mbovu. Pasipo na mizani, kaa langoni, hesabu malori na uandike ujazo wa kila moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia kama kiwango cha tani kilichoruhusiwa kinaheshimiwa.

Hatua ya 3: Kagua kutoka chini kwenda juu

Wenyeji wako watataka kukupeleka moja kwa moja juu, mahali buldoza inaposhindilia taka. Waombe msubiri kwanza. Zunguka nje ya uzio na utafute sehemu ya chini kabisa, kwa sababu maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka huishia huko. Huwa meusi au ya kahawia, na yamejaa amonia, kloridi na chumvi nyingine. Pima uwezo wa maji kupitisha umeme kwenye kijito, juu ya dampo na chini yake. Kipimo kikipanda ghafla upande wa chini, una sababu ya kuchukua sampuli za maabara. Visima vya uchunguzi navyo hulinganishwa hivyo hivyo: kile kilicho upande maji ya ardhini yanakotoka, na vile vilivyo upande yanakoelekea.

Kisha tazama mteremko. Tafuta nyufa juu ya kilima, kuvimba chini yake, na maji yanayotoka ubavuni. Hapa sioni nafasi ya kusubiri ripoti. Leuwigajah nchini Indonesia, Februari 2005, rundo liliporomoka baada ya mvua kubwa na kuua watu 143. Koshe, Addis Ababa, Machi 2017, walikufa zaidi ya 100. Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, ilitokea tena baada ya mvua, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Ukiona nyufa mpya, simamisha umwagaji kwenye upande huo siku hiyo hiyo, waondoe watu walio chini ya mteremko, na uite mhandisi wa udongo.

Gesi pia ipimwe, hasa ndani ya ofisi, kibanda cha mlinzi na mashimo ya mabomba. Methani hulipuka ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Usiingie kwenye shimo lolote kwa ujasiri tu. Kipimo cha gesi kitangulie.

Juu kabisa, angalia ukubwa wa eneo lililo wazi, unene wa udongo wa kufunikia, moshi, na taka zilizokatazwa kama za hospitali na betri.

Hatua ya 4: Linda ushahidi

Kila picha iwe na tarehe, mahali na kitu cha kuonyesha ukubwa. Sampuli ifungwe kwa muhuri, na kila anayeipokea atie saini. Ripoti iandikwe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Andika amri inayotekelezeka

Gawa makosa kwa hatari yake. Mteremko unaopasuka hupewa saa. Udongo wa kufunikia hupewa siku. Bwawa la kukusanyia maji machafu hupewa miezi, lakini kwa vituo vya kati: usanifu tarehe fulani, mkandarasi tarehe fulani. Amri kama hiyo ipeleke kabla halmashauri haijapitisha bajeti, la sivyo utajibiwa kwamba hakuna fungu, na jibu hilo litakuwa la kweli.

Faini kwa halmashauri siipendi iwe silaha ya kwanza. Fedha hizo ni za wananchi wale wale wanaovuta moshi wa dampo, na zingenunua udongo. Amri imtaje mkurugenzi kwa cheo chake, ili wajibu usipotelee kwenye idara.

Waokota taka wasiandikwe kama kasoro ya kuondolewa. Agiza waandikishwe, wapewe vifaa vya kinga, na watengewe eneo la kuchambulia mbali na buldoza. Uzio pekee huwahamishia usiku, ambako ajali ni nyingi zaidi.

Hatua ya 6: Rudi tarehe uliyoandika

Ukichelewa kurudi, umewaongezea muda bila kuandika. Fungua jedwali lako na upime upya sharti kwa sharti, ukikubali kwa maandishi yaliyotekelezwa. Yaliyobaki bila sababu yapeleke mahakamani ukiomba amri ya kulazimisha utekelezaji, na hapo faini iongezwe.

Ikibidi kufunga, amri itaje taka zitakwenda wapi, nani ataweka tabaka la mwisho la udongo, na fedha za uangalizi zimetengwa wapi. Kanuni za serikali kuu ya Marekani hudai uangalizi wa miaka 30 baada ya kufunga, kwa sababu gesi na maji machafu huendelea kutoka. Fedha hizo ziwe kwenye akaunti ya peke yake kabla lori la mwisho halijaingia.