Fomu ya Access inayosomeka hata kwenye skrini ndogo ya kaunta

Niliwahi kuitengenezea SACCOS moja (ushirika wa akiba na mikopo) fomu ya kusajili wanachama kwa Microsoft Access, programu ya kutunza kumbukumbu kwenye majedwali. Niliijenga nyumbani kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, ikapendeza. Kaunta yao ilikuwa na kompyuta mpakato ya pikseli 1366 kwa 768. Sehemu ya mrithi nilikuwa nimeiweka chini kabisa, na pale kaunta ikazama chini ya ukingo wa skrini. Karani hakujua kwamba ipo. Wiki kadhaa baadaye tukakuta wanachama wamesajiliwa bila mrithi, ikabidi wapigiwe simu mmoja mmoja warudi. Mwanachama akifariki bila jina la mrithi kwenye kumbukumbu, familia yake ndiyo inayohangaika. Tangu hapo kila fomu naianza kwa vipimo; rangi na mapambo huja baadaye.

Hatua ya 1: Pima skrini ndogo kuliko zote

Nenda mahali fomu itakapotumika, fungua mipangilio ya skrini kwenye Windows, uandike mambo mawili: idadi ya pikseli na asilimia ya ukuzaji ("Scale"). Hiyo ya pili wengi huisahau, na ndiyo inayoumiza.

Access hupima fomu kwa inchi au sentimita. Ukuzaji ukiwa 100%, inchi moja ni pikseli 96, kwa hiyo skrini ya 1366 kwa 768 ni kama sm 36 kwa sm 20. Ukuzaji ukiwa 125%, inchi moja inakula pikseli 120, na skrini ileile inabaki na sm 29 kwa sm 16 tu. Hapo bado hujatoa utepe wa amri ulioko juu, upau wa Windows ulioko chini, na kidirisha cha majedwali upande wa kushoto. Ndiyo maana mimi hujiwekea mpaka wa sm 22 kwa upana na sm 11 kwa kimo, na utepe naukunja kwa Ctrl+F1.

Hatua ya 2: Funga ukubwa wa fomu

Fungua fomu kwenye mwonekano wa usanifu ("Design View"), bonyeza F4 upate orodha ya sifa za fomu, na kwenye mstari wa "Width" andika 22cm. Access yenyewe inakubali upana mkubwa zaidi ya huo, lakini hautakufaa kaunta. Weka "Auto Resize" na "Auto Center" ziwe "Yes".

Usitegemee programu ikupunguzie vitu skrini ikiwa ndogo. Kwa kawaida Access haifinyi visanduku wala maandishi, inakata fomu na kukuwekea vitelezi pembeni. Taarifa zikizidi nafasi, zigawe kwenye vichupo. Kichupo cha kwanza kibebe yale ambayo mwanachama hawezi kusajiliwa bila hayo. Kisha rudi kwenye jedwali lenyewe, na sehemu kama ya mrithi uiwekee "Required" iwe "Yes", ili rekodi isihifadhiwe ikiwa tupu.

Hatua ya 3: Kisanduku kifuate kitakachoandikwa ndani

Hapa ndipo fomu nyingi zinapoharibika. Msanifu huweka visanduku vyote upana mmoja ili vipendeze, kumbe upana ni ujumbe: kisanduku kifupi kinamwambia karani kwamba kinachotakiwa ni kifupi. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Kwa fonti ya Calibri 11 mimi huipa sm 5.5, ionekane yote pamoja na vistari vyake, maana namba iliyokatwa mwisho haiwezi kulinganishwa na kitambulisho. Namba ya simu yenye tarakimu 10 inatosha kwa sm 3, na tarehe vivyo hivyo.

Majina usiyakadirie. Chukua daftari la wanachama la zamani, tafuta jina refu kuliko yote, liandike kwenye kisanduku. Likikatwa, ongeza. Jina la kwanza, la kati na la ukoo yakae kwenye visanduku vitatu katika mstari mmoja.

Mkoa usiandikwe kwa mkono hata kidogo. Mikoa yetu ya Tanzania ni 31. Iweke kwenye orodha ya kushuka, karani akipiga herufi mbili tatu Access inamalizia. Ukimwachia aandike, utapata "Dar", "DSM" na "Dar es Salaam", na ripoti yako itahesabu mikoa mitatu.

Hatua ya 4: Lebo

Lebo za Kiswahili ni ndefu. "Tarehe ya kuzaliwa" na "Uhusiano na mrithi" haziingii kwenye nafasi iliyoachwa na violezo vya Kiingereza, na watu hukimbilia kufupisha: "Tar. Kuz." Usifupishe. Weka lebo juu ya kisanduku, hapo ina nafasi yote inayoitaka, na jicho linashuka moja kwa moja. Usiandike lebo zote kwa herufi kubwa; zinachosha kusoma.

Hatua ya 5: Rangi

Maandishi meusi, visanduku vyeupe, mandharinyuma ya kijivu hafifu. Kaunta nyingi zinapigwa na mwanga wa mlangoni, na kijivu juu ya bluu kinapotea kabisa mchana.

Hatua ya 6: Njia ya kitufe cha Tab

Kitufe cha Tab humtoa karani kisanduku kimoja kwenda kingine. Ukihamisha visanduku, mpangilio wa Tab haukufuati. Unabaki kama ulivyoviumba. Fungua "Tab Order" uupange upya kwa kufuata karatasi ya maombi anayoisoma karani. Kitufe cha "Auto Order" hupanga kutoka kushoto kwenda kulia, halafu chini, kwa hiyo fomu ya safu mbili itamrusha karani huku na huku. Safu mbili zipange kwa mkono.

Hatua ya 7: Kaa nyuma ya karani

Mpe karatasi 10 za maombi halisi, ukae nyuma yake bila kusema neno. Kila anapoacha kibodi kushika kipanya, andika yuko kisanduku gani. Kila anapoinama kusogeza macho karibu na skrini, andika pia. Kwa kawaida narudi nyumbani na sehemu tano au sita za kurekebisha, na fomu hairudi kaunta kabla sijazimaliza.