Printa ya mtumba ya picha kubwa Dodoma: kuifufua bila kuuza shamba

Bei ya kununulia isikudanganye. Printa ya picha ya inchi 24 kama Epson Stylus Pro 7880 huuzwa rahisi kwa sababu imekaa muda mrefu, na iliyokaa imekaukiwa wino. Hedi yake, yaani kile kichwa kinachorusha wino, ikiwa mpya inaweza kuzidi bei uliyolipa kwa mashine nzima. Ndiyo maana kazi yote inaanzia kwenye karatasi moja: jaribio la nozeli, yaani mistari ya rangi inayoonyesha ni vitundu vipi vya hedi vinarusha wino na vipi vimeziba.

Ukienda kuiona, iwe Kariakoo au kwenye stoo ya ofisi hapa Dodoma, beba karatasi za A4, waya wa USB na laptopu yenye draiva tayari. Neno "ilikuwa inafanya kazi" lisikutoe hela. Iwashwe mbele yako, uchapishe jaribio la nozeli kwenye menyu yake, kisha karatasi ya hali ya mashine, inayoonyesha wino uliobaki na nafasi kwenye tangi la wino mchafu. Subiri nusu saa, chapisha jaribio tena. Muuzaji mjanja huisafisha mashine asubuhi kabla hujafika, na karatasi ya kwanza hutoka safi. Ya pili ndiyo husema ukweli.

Kama hedi inakutia hofu, fikiria HP Designjet Z2100 au Z3100, ambazo hedi zake ni ndogo, kila moja hubeba rangi mbili, na unazibadilisha mwenyewe moja moja. Canon za iPF nazo hedi zake hubadilishwa bila fundi. Kwenye HP lakini, fungua kifuniko upapase mkanda unaovuta hedi. Ukiacha unga mikononi au ukionyesha nyufa, umeoza, na kuubadilisha ni kazi ya siku nzima.

Tuseme umechukua Epson na mistari imekatika. Usikimbilie menyu ya kusafisha. Angalia kwanza imekatikaje. Mapengo yakibaki palepale kila unapochapisha, wino umekauka ndani ya nozeli, na hilo linatibika kwa kuloweka. Yakihamahama, leo hapa kesho pale, tatizo ni hewa: kepu haibani, dampa (vichujio vidogo vinavyopitisha wino kuingia kwenye hedi) zimechoka, au katriji inakaribia kuisha. Hapo hata ukisafisha mara kumi unamwaga wino tu.

Kepu ni kile kikombe cha mpira ambacho hedi hukikalia ikipumzika. Kuipima ni rahisi. Anzisha jaribio la nozeli, na hedi ikishatoka maegeshoni chomoa plagi, kisha isukume taratibu kwa mkono kuelekea kushoto. Sasa kepu iko wazi. Ijaze maji yaliyosafishwa kwa sirinji ya ml 10 ya duka la dawa, washa mashine, iamuru isafishe mara moja, halafu rudia ujanja wa plagi uchungulie. Maji yakiwa yamekwisha, pampu inavuta. Yakiwa bado yamejaa, bomba dogo chini ya kepu limechomoka au limeziba, na hakuna dawa ya hedi itakayosaidia mpaka hilo lirekebishwe. Maji yakivutwa lakini wino haushuki, kagua mdomo wa kepu: wino ulioganda pale kama ukoko wa wali hupitisha hewa. Ufute kwa kijiti chenye sponji, si pamba, maana nyuzi za pamba hubaki na kuburuzwa chini ya hedi. Waipa, ule ulimi wa mpira ulio jirani, nayo ifute pande zote mbili.

Maji yenyewe yawe ya betri, yale ya kuongezea, na usome chupa vizuri: asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo. Maji ya bomba hapana. Haya ya visima vya Makutupora yana madini, na madini yakikauka ndani ya nozeli umejitengenezea mziba mpya. Spiriti nayo usiitumie kwenye wino wa pigmenti, yaani wino wenye chembechembe za rangi, kama huu wa Epson. Inaweza kuugandisha, na huchakaza mipira.

Kuloweka: weka ml 2 hadi 3 za maji hayo yakiwa vuguvugu kwenye kepu, rudisha hedi juu yake, zima, lala. Asubuhi safisha mara moja, chapisha jaribio. Yakibaki mapengo, rudia usiku mwingine. Usisafishe zaidi ya mara tatu mfululizo; kila mara inakula wino na kujaza tangi. Rangi moja ikigoma kabisa baada ya usiku kadhaa huku rangi nyingine zimerudi, na dampa yake umeibadilisha, hapo tatizo huenda ni umeme wa hedi. Acha kutumia hela. Tafuta mashine nyingine mbovu ya aina hiyohiyo, ununue vipuri.

Wino ndio gharama ya kila siku. 7880 ina katriji 8, za ml 110 au 220. Picha za kawaida hula takriban ml 10 hadi 15 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo picha ya inchi 24 kwa 36 ni kama ml 6 hadi 8. Katriji za kujaza zenye chipu inayojirudisha (inayohesabu upya kama katriji mpya) hupunguza gharama sana, mradi wino uwe wa pigmenti na majenta, ile rangi ya waridi iliyokolea, iwe ile kali ya 7880, si ya 7800. Tikisa chupa taratibu kabla ya kujaza, pigmenti hutuama. Chagua pia weusi mmoja, wa karatasi ya kung'aa au ya mati (isiyong'aa), ubaki nao: kubadilisha hulazimisha mashine kuosha mabomba kwa wino wako. Chipu ya tangi la wino mchafu inaweza kurudishwa sifuri kwa kifaa, ila kwanza toa pamba zilizolowa uweke nepi za watoto. Ukirudisha chipu bila kumwaga, sakafu ndiyo itakayopokea.

Ukame wa Dodoma ndio utakaokuua, hasa kuanzia Agosti hadi mvua za Desemba. Epson hupendekeza unyevu wa asilimia 40 hadi 60 kwa picha bora. Funika mashine kwa shuka ukimaliza, weka beseni la maji karibu, na chapisha kipande cha rangi zote kila baada ya siku tatu nne, hata kama hakuna kazi. Epson hii haifiki wati 100, kwa hiyo UPS ndogo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, inatosha. Umeme ukikatika katikati ya kazi hedi hubaki nje ya kepu, na mchana mmoja wa vumbi unatosha kuirudisha ulikoitoa. Zima kwa kitufe chake, kamwe si kwa swichi ya ukutani.

Na mteja akiuliza bango la nje, mwambie hapana, au umlaminishie: huu ni wino wa maji, wa picha za harusi na mahafali ya UDOM, si wa kukaa juani barabarani.