Somo: Kukaba katika raga huanzia miguuni

Makocha wengi wa shule huanza somo la kukaba, yaani kumkamata na kumwangusha mwenye mpira, kwa gunia la mazoezi. Lakini gunia halikwepi. Kijana analigonga vizuri wiki nzima, Jumamosi akikutana na winga mwenye mbio anaambulia jezi tu. Kwenye raga ya wachezaji 7 ni hatari zaidi, maana uwanja ni uleule wa wachezaji 15. Ukipitwa, mara nyingi nyuma yako hakuna mtu. Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji 7, walipoifunga Fiji 30–7 kwenye fainali ya Singapore mwaka 2016, wengi walishangilia zile 30. Mimi nilishangilia zaidi ile 7, maana hiyo ni kazi ya kukaba.

Hatua ya 1. Panga koni, njia ya mita 5 kwa 10. Mmoja abebe mpira, mwingine amguse nyonga kwa mikono miwili, bila kuangushana. Macho yakae kwenye kaptura. Kichwa, mabega na mpira hudanganya, nyonga haidanganyi.

Hatua ya 2. Mkabaji amfuate mbeba mpira kutoka upande wa ndani, yaani wa katikati ya uwanja, nusu hatua nyuma ya bega lake, amwachie njia moja tu: ya kuelekea mstari wa pembeni.

Hatua ya 3. Hapa tumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Mkabaji aondoke kwa kasi kula nafasi, na zikibaki kama mita 2 au 3 afupishe hatua: magoti yapinde, uzito uje mbele ya nyayo, miguu iendelee kucheza. Akiikita yote miwili chini na kusubiri, kashapitwa. Akijirusha kutoka mbali, anakamata vifundo, au hewa. Mguu wa mbele lazima uingie karibu kabisa na mbeba mpira ndipo bega lifanye kazi.

Hatua ya 4. Sasa mgusano, mkianza wote mmepiga magoti. Bega la kulia huenda na mguu wa kulia. Kichwa kikae pembeni, shavu kwenye makalio ya mbeba mpira, kidevu juu. Mikono ifunge kwa nguvu, miguu isukume. Bega bila mikono ni penalti.

Hatua ya 5. Wakifika chini, mkabaji amwachie mbeba mpira, ainuke haraka.

MASWALI YA WANACHAMA

Kocha, kijana wangu wa Form Two anafumba macho na kuinamisha kichwa.
Mrudishe magotini, na mwenzake atembee tu. Usimwingize mechi hadi kichwa kikae sawa, kwa sababu anayekaba ndiye huumia kichwa mara nyingi kuliko anayekabwa. Akigongwa na ukashuku mshtuko wa ubongo, atoke na asirudi uwanjani siku hiyo, hata akikusihi.

Mwisho wa kukaba kwenda juu mwilini ni wapi, mwalimu?
Sheria inakataza kuvuka mstari wa mabega. Uingereza waliteremsha zaidi mwaka 2023 kwa raga ya ngazi za chini, hadi mwisho wa mfupa wa kifua. Mimi nafundisha kiunoni, maana mkono ukiteleza kutoka kifuani unaishia shingoni, na hapo kadi inatoka.

Uwanja wetu ni mkavu, vijana wanaogopa kuanguka.
Wana haki. Hatua 3 za kwanza hazina kuanguka, zifanyeni hapohapo. Ya 4 ifanyieni kwenye shimo la mchanga la kuruka, wawili wawili. Lichimbueni kwanza, mawe na vioo vitoke.