Jinsi ya kupanga nyimbo zako zisizochuja, kipimo ni kanda ya dakika 90

Ukimuuliza mtu nyimbo zake kali za maisha anakutajia tatu fasta alafu anaanza kuhangaika na simu, na akishaingia kwenye simu ndo basi tena, anakuja na nyimbo 300 ambazo nusu yake hajazigusa toka mwaka juzi. Hiyo sio orodha, hiyo ni stoo. Sasa ngoja niwape namna ninayopanga ya kwangu, mimi ni mtu wa zilipendwa kwahiyo mifano mingi itakua ya dansi ila hata kama wewe ni wa bongo fleva au taarab utaratibu ni ule ule.

Anza na simu ikiwa mbali. Chukua karatasi, ibandike mahali unapopita kila saa, jikoni au karibu na kioo, kila wimbo unaojileta wenyewe ukiwa unapiga pasi au umekwama kwenye foleni uandike. Usiutafute, usubiri uje. Jina ukiwa hulikumbuki andika hata "ile ya Sikinde ya yule mwanamke", japo hapo hujasaidia sana maana dansi yetu nusu ni majina ya wanawake, Neema, Zuwena, Paulina, Pamela, Mary Maria, utadhani daftari la mahudhurio. Ipe kama wiki mbili hivi. Apu ya muziki inakuletea kile watu wengine wanachopiga leo, kichwa chako kinaleta kilichokaa.

Karatasi ikijaa ndo kazi inaanza, kupunguza. Watu wanasema chagua kumi bora au hamsini bora, mi naona namba haina maana kwasababu wimbo wa Mr Nice wa bongo fleva na wimbo wa Franco wa Kongo hazilingani urefu hata kidogo. Tumia dakika. Waliowahi kurekodi kanda wanajua, kaseti ya C90 ni dakika 45 upande A na 45 upande B, basi, ukizidisha wimbo unakatika katikati ya chemko, pale unapokolea, na unabaki unaisikia ile "tak" ya redio kaseti. Hata kama hujawahi kushika kaseti maishani jifanye unayo. Nyimbo zako zote za maisha ziingie humo.

Hapo utajijua. Mfano "Mario" ya Franco ya 1985, ile stori ya kijana anaelelewa na mwanamke mtu mzima, sisi wengi tunaiimba mwanzo mwisho na Kilingala chenyewe hatujui, sasa ile peke yake ni karibu robo saa, yaani theluthi ya upande mzima imekwenda. Uko tayari kutoa nyimbo mbili za Mbaraka Mwinshehe ili Franco akae? Mi nilikataa, nikambakiza Mbaraka na "Shida", kuna mtu wangu wa karibu hanielewi mpaka leo. Ila ndo maana ya kanda, kila unaempenda anamtoa mwingine unaempenda.

Sasa sehemu ambayo watu wanairuka na ndo tamu kuliko zote, kujua ni REKODI IPI. Wimbo mmoja wa zamani unaweza ukawa na sura tatu. Kipindi kile Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kutoa santuri, bendi zilikua zinarekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wapigaji wote wanapiga kwa pamoja, ule utepe unabaki kwenye maktaba ya redio, na bendi ikitaka sahani inabidi Nairobi. Sahani ndogo za Nairobi nazo upande mmoja hautoshi wimbo mrefu, kwahiyo wanaukata mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu, geuza, sehemu ya pili. Ndo maana kuna nyimbo mtandaoni unazisikiliza zinafifia pale pale gitaa lilipoanza kunoga, sio kwamba wimbo umeisha, ni mtu kapandisha upande mmoja tu wa sahani. Tafuta nzima. Na ukipata ya redio na ya sahani zisikilize zote, usidhani yenye sauti safi ndo bora, mara nyingi ile yenye mikwaruzo ndo uliyokua nayo kichwani.

Majina ya bendi nayo yanachanganya. NUTA Jazz iliyoanza 1964 ndo hiyo hiyo iliyokuja kuitwa JUWATA, ikaja OTTU, leo Msondo Ngoma, unaweza kukuta wimbo mmoja umeandikwa majina mawili ukadhani ni bendi mbili. Na waimbaji walikua wanahama kama wachezaji wa mpira, Gurumo katoka bendi hiyo kaenda kuanzisha Mlimani Park 1978, ndo hao Sikinde, kaenda Safari Sound, karudi Msondo. Usitegemee maandishi, jifunze sauti. Ukishaijua ya Bitchuka, mwimbaji mwenzake Gurumo, pale inapopanda juu hakuna mtu atakudanganya.

Vipimo vya kupunguzia ninavyotumia ni hivi. Usikilize asubuhi, peke yako, bila bia. Kuna nyimbo ni za baa, kelele za watu ndo zinazibeba, nyumbani ukiziweka zinapwaya. Pili, mkono wako unaenda wapi kwenye kile kipande cha katikati, ukipeleka mbele hata kidogo, toa, wimbo usiochuja hauna sehemu ya kuruka. Tatu, wimbo wa mwaka huu hauingii, uache ulale miaka mitano kwanza, na hili sina mjadala.

Alafu usione aibu. Watu wakipanga orodha wanaanza kuweka vitu vya heshima, mara Siti binti Saad, yule bibi wa taarab wa Zanzibar, kwa vile alirekodi Bombay 1928, mtu hata hajawahi kumsikiliza dakika mbili mfululizo. Kumheshimu bibi ni kitu kingine, kanda yako ni kitu kingine. Mimi "Fagilia" ya Mr Nice ipo upande B katikati ya wazee na haitoki.

Ukishabaki na zilizopita, kila wimbo andika mstari mmoja, ni wapi unapasubiri. Sio "wimbo mzuri sana", hapana, sekunde yenyewe. Mfano "Sina Makosa" ya Les Wanyika, wale jamaa waliotoka Simba Wanyika 1978, mashairi ni jamaa anajitetea kwamba kila mtu ana wake nyumbani sasa chuki ya nini, sawa, lakini mimi pale ninapopasubiri ni besi ya Tom Malanga, inatembea taratibu haina haraka na mtu, inaacha nafasi alafu inajibu, gitaa linasema hivi yenyewe inasema hivi. Jaribu kuifuata besi peke yake mpaka mwisho usisikilize kingine utaona ni wimbo mwingine kabisa. Ukishindwa kuandika huo mstari basi wimbo unaupenda kwa mazoea, wape wengine nafasi.

Kupanga mfuatano usiweke namba moja mpaka mwisho, hilo ni gubu tu. Panga kama kanda. Upande A anza na unaotembea, usianze na "Kifo" ya Remmy Ongala watu watakuacha sebuleni peke yako, hiyo iweke ya pili toka mwisho. Upande B anza na kilichochangamka maana ndo mtu katoka kugeuza. Nyimbo mbili za bendi moja zisifuatane.

Mwisho utabaki na dakika tatu nne zisizotosha wimbo wa dansi. Usiziache tupu, hapo ndo mahali pa vifupi, mimi nimeweka "Malaika" ya Fadhili William, na Daudi Kabaka na "Helule Helule" yake anasubiri nje, siku Fadhili akinichosha anaingia.